LISEMWALO LIPO? MAISHA YA IDA B. WELLS

Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu walimnyang'anyana Mekatilili wa Menza na Shaaban Robert kama watoto wanaogombania ukoko. Nilipofika mimi, majina yote mazuri yalikuwa yamekwisha. Mwalimu wa historia akanionea huruma, akaniambia nimtafute mama mmoja Mmarekani mweusi aitwaye Ida B. Wells. Nilinuna, sitaki kuwaficha. Wamarekani wanatuhusu nini sisi?

Lakini kabla sijawaeleza habari za Bi. Ida, wacha niwaeleze yaliyonipata mimi, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini nilisoma habari zake hadi taa ikaniishia mafuta.

Mwaka jana, jioni moja, nilikuwa natoka shuleni. Sisi wa shule ya kutwa twaijua adha ya kurudi nyumbani jioni. Nilipofika stendi ya matatu nikakuta umati. Kijana mmoja alikuwa chini, anapigwa mateke na mawe. Ati mwizi. Nilimwuliza mama muuza mahindi ya kuchoma ameiba nini, akanijibu ameiba simu. Mzee aliyesimama kando akasema la, ni mkoba wa mama fulani. Mwingine akasema hawa ni wale wanaoiba kuku. Nilitazama kidogo, nikaenda zangu, na njiani nikajiambia moyoni kwamba amejitakia, mbona mimi sipigwi? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku ya tatu ndipo habari kamili ilipotufikia. Kijana alikuwa makanga mgeni katika njia ile. Abiria mmoja alikataa kulipa nauli, na alipodaiwa akapiga kelele ya mwizi. Hapakuwa na simu wala mkoba wala kuku. Na makanga alikuwa amekwisha kuzikwa.

Basi nikiwa na hayo moyoni, nikakifungua kitabu.

Ida alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 katika mji wa Holly Springs, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mtumwa, kwa kuwa wazazi wake, James na Elizabeth, walikuwa watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 watumwa wote waliachwa huru. James alikuwa seremala hodari akaendelea kufanya kazi kwa bwana wake wa zamani. Siku ya uchaguzi yule bwana alimtaka apige kura anavyotaka yeye. James akakataa. Aliporudi kutoka kupiga kura akakuta karakana imefungwa kwa kufuli. Hakubishana na mtu. Alikwenda dukani akanunua vifaa vyake mwenyewe, akahamisha jamaa yake nyumba nyingine. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na baadaye mtaona Ida alirithi wapi ukaidi wake.

Mwaka 1878 homa ya manjano ililipuka katika nchi ya bonde la mto Mississippi. Katika mji mmoja tu wa Memphis watu zaidi ya 5,000 walikufa. Siku zile hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule huletwa na mbu. Wakazi wa Holly Springs walidhani mji wao, kwa kuwa uko juu, hauwezi kuingiliwa, wakawakaribisha wakimbizi. Ida alikuwa shambani kwa bibi yake. Barua ikafika: baba na mama wamefariki, tena katika muda wa siku moja hivi, na kitinda mimba pia akafa. Treni za abiria zilikuwa zimesimama kwa hofu ya ugonjwa, hivyo akapanda treni ya mizigo akarudi kwao.

Alikuwa na miaka 16. Mimi pia nina miaka 16, na nikiambiwa nipike ugali baada ya kazi ya ziada ya hesabu huwa nalalamika.

Wanaume wa chama cha Wamasoni, alichokuwamo baba yake, walifanya kikao humo humo nyumbani kugawana watoto. Wasichana wadogo wawili wachukuliwe na familia fulani na fulani, wavulana wakafunzwe useremala. Dada mmoja, Eugenia, alikuwa mlemavu wa mgongo. Yeye hakutakiwa na mtu, ikasemwa apelekwe nyumba ya maskini. Ida alikuwa ameketi pale pale akisikiliza na hakuna aliyemwuliza neno. Walipomaliza kugawana, akawaambia kwamba hakuna mtoto atakayetoka katika nyumba ile. Wamtafutie kazi, atawalea mwenyewe. Akateremsha upindo wa gauni lake lionekane refu, ili adhaniwe mtu mzima, akafanya mtihani wa ualimu, akafaulu. Shule ilikuwa maili 6 kutoka nyumbani na mshahara ulikuwa dola 25 kwa mwezi. Alikwenda na kurudi akiwa amepanda baghala, mnyama aliye nusu punda nusu farasi. Ijumaa anarudi nyumbani kufua, kupika na kupiga pasi, Jumapili jioni anapanda baghala tena.

Baadaye alihamia Memphis. Mwaka 1884, akiwa mwalimu, alikata tikiti ya daraja la kwanza akaketi katika behewa la akina mama. Kondakta akaja kumwamuru ahamie behewa la wavuta sigara, ambako ndiko watu weusi walikotupwa. Ida hakuondoka. Kondakta alipomshika mkono, Bi. Ida akamng'ata! Ikabidi waletwe wanaume wengine wasaidie kumburura, huku abiria weupe wakishangilia. Alikwenda kortini akashinda, akaamuliwa alipwe dola 500. Mwaka 1887 mahakama kuu ya jimbo la Tennessee ikaifuta hukumu ile, na juu ya hayo akatakiwa kulipa gharama za kesi.

Ualimu nao haukudumu. Alikuwa amenunua sehemu ya gazeti dogo, Free Speech, na humo akaandika jinsi shule za watoto weusi zilivyokuwa mbovu, majengo na walimu pia. Mwaka 1891 wakubwa wa shule wakamfuta kazi. (Walimu wetu, msinitazame hivyo!) Akabaki na kalamu tu.

Sasa tufike penyewe.

Ida alikuwa na rafiki jijini Memphis, Thomas Moss, mtu wa posta aliyepeleka barua nyumba kwa nyumba mchana, na usiku akaangalia duka lake. Ida alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake. Moss na wenzake waliungana mwaka 1889 wakafungua duka la vyakula mahali ambapo reli ya tramu ilipiga kona. Jirani palikuwa na duka la Mzungu mmoja, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyewauzia watu wote wa mtaa ule. Wateja wakahama. Machi 1892 watoto weusi na weupe waligombana wakicheza gololi, wakubwa wakaingilia, na ugomvi wa watoto ukawa wa maduka. Usiku mmoja watu wenye bunduki, bila sare, wakaingia kwa mlango wa nyuma wa duka la Moss. Waliokuwa ndani walidhani wamevamiwa na majambazi, wakafyatua risasi. Watu 3 wakajeruhiwa. Kumbe walikuwa maafisa wa sheria. Wenye duka wakatiwa ndani. Habari ilipokuja kwamba majeruhi watapona, maana yake hapatakuwa na kesi ya kunyonga mtu, umati ukaenda jela usiku wa tarehe 9 Machi, ukawatoa watu watatu: Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart. Wakapigwa risasi nje ya mji kando ya reli.

Ida alikuwa safarini Natchez kulitembeza gazeti. Aliporudi rafiki yake amekwisha kuzikwa.

Hapa ndipo niliposimama nikarudia ukurasa. Bi. Ida mwenyewe alikiri kwamba kabla ya siku ile naye aliamini yaliyosemwa. Kusini mwa Marekani watu weusi waliuawa na umati kila mwaka, na kila mara ilisemwa kwamba marehemu alimnajisi mwanamke Mzungu. Ida alichukia kuuawa kwao bila hukumu, lakini alidhani kosa lilikuwepo. Yaani hata yeye! Lakini Moss alimjua. Moss hakumgusa mwanamke yeyote. Kosa la Moss lilikuwa kuuza sukari na unga kwa wateja waliokuwa wa mtu mwingine. Ikiwa huyu hakuwa na hatia, je, wale wengine?

Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaambia watu weusi wa Memphis waondoke mji ule. Maelfu wakafunga virago wakaelekea magharibi, Oklahoma. Waliobaki wakaacha kupanda tramu. Hapa pananichekesha kila nikisoma: wakubwa wa kampuni ya tramu walikuja ofisini kwa gazeti kumbembeleza Ida, wakidhani watu weusi wameogopa umeme, kwa kuwa tramu zilikuwa zimeanza kutumia umeme! Ida akawaeleza sababu. Walipotoka, akaandika mazungumzo yote gazetini, kisha akaenda makanisani kuwahimiza watu waendelee kutembea kwa miguu.

La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, akaanza kuuliza. Kila aliposikia mtu ameuawa na umati, alitafuta habari: huyu alifanya nini hasa, siku gani, nani aliona? Mara nyingine alikwenda mwenyewe mpaka mahali penyewe, na hakuwa na mlinzi. Huko Tunica, Mississippi, magazeti yalikuwa yameandika kwamba mtu mmoja aliuawa kwa kumnajisi mtoto wa miaka 7. Ida alipofika akakuta huyo aitwaye mtoto ni msichana wa zaidi ya miaka 17, aliyekuwa akipendana na marehemu kwa hiari yake; baba yake alipogundua, ndipo umati ukaitwa. Mei 1892 Ida akaandika gazetini, kwa maneno machache makali, kwamba uongo ule wa kunajisi hauaminiki tena. Kwa bahati alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Philadelphia na New York. Tarehe 27 Mei umati ukaivamia ofisi, ukaharibu mitambo, na mwenzake aliyeendesha naye gazeti akatoroka roho mkononi. Ida akapewa habari kwamba akikanyaga Memphis atauawa.

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi najijua, ningenyamaza.

Yeye alipata nafasi katika gazeti la New York Age akaandika makala ndefu, yenye majina, tarehe na mahali. Oktoba 1892 akina mama weusi wa New York na Brooklyn wakamfanyia mkutano, wakachanga dola 500, na kwa fedha hizo akachapisha kijitabu chake cha kwanza. Mwaka 1895 akatoa kikubwa zaidi, A Red Record. Angalieni ujanja wake. Alijua akitumia hesabu za watu weusi ataambiwa mwongo. Kwa hiyo akachukua hesabu zilizochapishwa na gazeti la Wazungu wenyewe, Chicago Tribune. Mwaka 1892 peke yake waliuawa watu 241 na umati, na 160 kati yao walikuwa weusi. Akawapanga kwa makosa waliyotajiwa. Kumbe waliosingiziwa kunajisi hawakufika hata nusu. Walikuwa kama theluthi. Waliobaki walitajiwa wizi, kuchoma nyumba, ugomvi, wengine kumjibu Mzungu vibaya, na wengine hawakutajiwa kosa lolote. Mwalimu wetu wa hesabu hutuambia takwimu si adui yetu. Leo nakubali.

Alikwenda Uingereza mara mbili, 1893 na 1894, akazungumza makanisani na kumbini. Huko ndiko pamba ya Kusini ilikouzwa, kwa hiyo sauti yake ikisikika London wafanyabiashara wa Memphis walipoteza usingizi. Mwaka 1895 akaolewa na wakili Ferdinand Barnett huko Chicago, wakajaliwa watoto 4, na alisafiri kuhutubia akiwa na mtoto wa kunyonya mgongoni mwa kazi zote hizo. Mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha NAACP, ingawa hawakuelewana sana. Inasemekana alikuwa mama mgumu, hana subira na wanaosita. Mimi sioni ajabu.

Mwaka huo huo wa 1909 mtu mmoja aliuawa na umati mjini Cairo, jimbo la Illinois. Sheria ilisema sherifu, yaani mkuu wa usalama wa wilaya, akinyang'anywa mfungwa wake na umati apoteze kazi. Sherifu alikuwa anaomba arudishwe kazini, na alihitajika mtu wa kwenda kukusanya ushahidi. Ida alikuwa amechoka, amechoka pia kulaumiwa na watu wake kwamba anajitokeza mno, akakataa, akaenda kulala na watoto. Mwanawe mkubwa akaja akamwuliza kwa nini haendi, maana asipokwenda yeye hakuna mwingine atakayekwenda. Asubuhi akapanda treni. Alikuta hata watu weusi wa Cairo wengi wamemtilia sahihi yule sherifu. Akawazungukia, akawauliza, akaandika, kisha akasimama mbele ya gavana akabishana na mawakili. Sherifu hakurudishwa.

Nisiwachoshe, lakini mambo mawili ya uzeeni siwezi kuyaruka.

Mwaka 1919 huko Elaine, jimbo la Arkansas, wakulima weusi waliolima pamba katika mashamba ya matajiri kwa kugawana mavuno walikuwa wanaibiwa. Tajiri ndiye aliyepima pamba, ndiye aliyeweka bei, ndiye aliyeandika deni la dukani, na mkulima hakuonyeshwa karatasi. (Nyinyi mnaotoka kwenye miwa na majani chai, nadhani mnanielewa.) Wakaunda chama, wakakutana kanisani usiku wa tarehe 30 Septemba. Risasi zikapigwa nje. Siku zilizofuata makundi yenye silaha, na baadaye wanajeshi pia, yakawawinda watu weusi vichakani, na idadi ya waliokufa haijajulikana hata leo. Kisha kati ya watu weusi walioshtakiwa, 12 wakahukumiwa kifo, wazee wa baraza wakikata shauri kwa dakika chache tu. Ida akaenda. Tangu 1892 hakuwa amekanyaga Kusini. Alijiunga na wake na mama za wafungwa kama jamaa aliyetoka St. Louis, akapita mbele ya mlinzi, na mlinzi akamwona ni mama mzee mweusi tu. Wafungwa wale waliimba nyimbo za kifo na mbinguni. Ida akawakaripia kwamba wanamwomba Mungu awapokee badala ya kumwomba awafungue! Akaandika kila mmoja alikuwa na ekari ngapi, marobota mangapi ya pamba, ng'ombe na nguruwe wangapi, na nani amevichukua. Akapiga jumla. Hapo ikaonekana wazi waliofaidika na damu ile ni akina nani. Akakichapisha kijitabu mwaka 1920. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki 6 kati yao, na hatimaye wote 12 wakaachiwa. Mmoja alifunga safari mpaka Chicago kumshukuru nyumbani kwake.

La pili ni maji. Aprili 1927 mto Mississippi ulifurika, ukavunja matuta yaliyojengwa kuuzuia. Mjini Greenville maelfu ya watu weusi walibaki juu ya tuta kwa wiki nyingi. Wazungu waliondolewa kwa mashua. Weusi walizuiwa, kwa sababu wenye mashamba waliogopa wakienda hawatarudi kuvuna pamba. Wakavalishwa vitambulisho shingoni, wakafanyishwa kazi chini ya bunduki ndipo wapewe chakula cha msaada. Sisi tunaosikia habari za Budalang'i na Nyando kila masika twajua mafuriko ni mvua. Lakini nani alijengewa tuta, nani alikaa bondeni na nani alipewa mashua, hayo hayatoki mawinguni. Ida alikuwa akikaribia miaka 65. Akaandika katika gazeti la Chicago Defender, akaitaka serikali ichunguze kambi zile.

Alifariki Chicago tarehe 25 Machi 1931. Alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake, na kinakatika katikati ya sentensi. Binti yake Alfreda alikihifadhi na kukitafutia mchapishaji mpaka kikatoka mwaka 1970. Mwaka 2020 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ya waandishi wa habari, miaka 89 baada ya kuzikwa. Na sheria ya nchi nzima dhidi ya mauaji ya umati, ambayo ilipelekwa bungeni mara ya kwanza mwaka 1900, ilitiwa sahihi Machi 2022. Miaka 122! Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwuliza mwalimu, akasema ndivyo.

Juzi nilipita tena stendi. Nilikuwa na daftari. Nilimwamkia mama muuza mahindi, nikanunua hindi moja, nikamwuliza yule makanga wa mwaka jana aliitwa nani. Akanitazama, akageuza mahindi yake, akasema hakumbuki vizuri, lakini watu wa gari lile wanajua. Watu wa gari lile ni watatu. Wawili wamenipa jina moja, wa tatu jina jingine. Nimeyaandika yote mawili, na chini yake nimeandika tarehe. Kesho, masomo yakiisha, nitakwenda kumtafuta dereva.